KUONDOA KUCHA ZA JELI KWA USALAMA, NA FAIDA YA KUISOMEA KAZI YA UREMBO

Somo kwa wananchi wa Kata ya Dunda, Bagamoyo, na mwambao kwa jumla

Kupamba kucha si jambo geni katika mwambao wetu. Tangu zamani wanawake wa Bagamoyo, Unguja na Pemba hupaka hina katika kucha na viganja wakati wa harusi na sikukuu. Hina huingia ndani ya ukucha na kuupa rangi. Haiweki tabaka juu yake, na huondoka yenyewe kadiri ukucha unavyokua. Kucha za jeli ni jambo tofauti. Jeli hupakwa ikiwa majimaji mazito, kisha hukaushwa kwa taa ya miale ya urujuanimno hadi ikawa ngumu na kung'ang'ania ukucha. Kazi hiyo hufanywa saluni, hufanywa na vijana wapitao nyumba kwa nyumba na vikapu vyao, na siku hizi wengi hujifanyia wenyewe nyumbani.

Madhara mengi hutokea wakati wa kuiondoa. Mara nyingi haja ya kuondoa huja ghafla: mwezi wa Ramadhani umekaribia, msiba umetokea, au mwenye kucha anatakiwa kazini mahali pasiporuhusiwa kucha za bandia. Kwa Waislamu, tabaka hilo huzuia maji kuufikia ukucha wakati wa kutawadha, hivyo mwenye nalo hutaka liondoke kabla ya sala. Hapo ndipo hutumika meno, wembe au ncha ya kisu. Makala haya yanakusudia kueleza njia iliyo salama, na kuonesha kwa nini kazi hii inastahili kusomewa.

UKUCHA NA JELI

Ukucha umejengwa kwa matabaka membamba ya chembe zilizokufa, yaliyobanana kama kurasa za kitabu. Unene wake wote ni kiasi cha nusu milimita tu. Jeli hushika katika tabaka la juu kabisa. Inapobanduliwa kwa nguvu, haiondoki peke yake, bali hutoka pamoja na matabaka ya ukucha wenyewe. Ndiyo maana aliyeng'oa kucha za jeli huona kucha zake zikiwa nyembamba, zenye madoa meupe, zinazopinda na kuuma ziguswapo na maji ya moto.

Ukucha uliodhurika hauponi kama kidonda. Sehemu iliyoharibika hubaki vilevile hadi isukumwe na kukatwa. Ukucha wa kidole cha mkono hukua kwa kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, na huchukua takriban miezi 6 kujibadili wote. Kwa hiyo uharibifu wa dakika chache hulipwa kwa nusu mwaka. Aidha, ukucha ukiachana na nyama, nafasi hiyo huingiza maji na vijidudu, na pengine ukucha hugeuka rangi ya kijani.

HATUA ZA KUFUATA

Anayekusudia kuondoa jeli nyumbani atenge muda wa kutosha, usiopungua saa moja, na afuate utaratibu huu:

(a) Mahali. Kazi ifanyike penye hewa, dirisha likiwa wazi. Asetoni hushika moto kwa wepesi mno, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kuweza kuufikia moto ulio mbali kidogo. Isitumiwe jikoni penye jiko la mkaa au la gesi, wala karibu na kibatari, mshumaa, ubani au sigara. Isipashwe moto kwa hali yoyote. Watoto wawekwe mbali.

(b) Kukwangua. Urefu wa ziada ukatwe. Kisha tabaka la juu linalong'aa likwanguliwe kwa tupa ya kucha, polepole, na mkono usimame kabla ya kuugusa ukucha wenyewe. Bila hatua hii asetoni haipenyi.

(c) Kulinda ngozi. Ngozi inayozunguka ukucha ipakwe vaselini, kwa kuwa asetoni huikausha na kuipasua.

(d) Kulowesha. Kipande kidogo cha pamba kiloweshwe asetoni, kiwekwe juu ya ukucha, na kidole kifungwe kwa karatasi ya aluminiamu kwa dakika 10 hadi 15. Dawa za kutolea rangi zisizo na asetoni hazifai kwa jeli.

(e) Kusukuma. Jeli iliyolainika hujikunja na kuachia. Isukumwe taratibu kwa kijiti cha mti. Ikikataa, pamba ilowekwe tena na kidole kifungwe kwa dakika 5 nyingine. Jeli inayokataa haijawa tayari, na kuilazimisha ndiko kung'oa kwenyewe.

(f) Kutunza. Mikono ioshwe kwa sabuni, na kucha zipakwe mafuta ya nazi au vaselini. Pamba zilizotumika zitupwe nje, mbali na moto.

Ifahamike kwamba ipo jeli ngumu ya kujengea kucha ambayo hailainiki kwa asetoni hata ikiloweshwa saa nzima. Hiyo huondolewa kwa kukwanguliwa tu, na ni kazi ya fundi. Kucha za bandia zilizobandikwa kwa gundi ziloweshwe kwanza katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, na zisipoachia ndipo itumike asetoni. Gundi kali ya kuungia viatu na vyombo haikutengenezwa kwa ajili ya mwili. Ikimwagika juu ya pamba au nguo ya pamba huweza kutoa joto la kuunguza ngozi.

MZIO, MADHARA YASIYOONEKANA MARA MOJA

Jeli ambayo haijakauka vema ina kemikali ziitwazo akrileti. Zikigusa ngozi mara kwa mara, mwili huweza kuzikataa. Dalili zake ni mwasho na uvimbe kuzunguka kucha, ngozi ya ncha za vidole kupasuka, na hata vipele katika kope na shingo, kwa sababu mikono hugusa uso. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa anayejipaka mwenyewe: jeli humwagikia ngozi, na taa aliyonayo pengine si ile iliyokusudiwa kwa jeli hiyo, hivyo juu hukauka na chini hubaki mbichi.

Mzio huo ukishaingia kwa kawaida hudumu maisha yote. Na si suala la urembo pekee, kwani kemikali za jamii hiyo hutumika pia katika kuziba meno na katika saruji ya kushikizia mifupa ya bandia. Mwaka 2018 Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Uingereza kilitoa onyo juu ya vifaa vya kujipakia nyumbani, baada ya uchunguzi kuonesha kwamba asilimia 2.4 ya waliopimwa walikuwa na mzio wa angalau kemikali moja ya aina hiyo. Tangu mwaka 2021 Umoja wa Ulaya umeagiza kwamba bidhaa za kucha zenye kemikali ya HEMA zitumiwe na mafundi tu, na tarehe 1 Septemba 2025 ukaipiga marufuku kemikali ya TPO katika vipodozi.

Mwenye dalili hizo, au mwenye maumivu, usaha au ukucha ulioachana na nyama, asifunike tatizo kwa kubandika kucha nyingine. Aende katika kituo cha afya, na ataje kwa uwazi alichopaka. Akienda kwa daktari wa meno, amweleze pia.

FAIDA YA MAFUNZO

Yapo maoni kwamba kazi ya kucha haihitaji shule. Maelezo ya hapo juu yanatosha kuonesha vinginevyo. Fundi aliyesoma hujua jeli ipi huloweshwa na ipi hukwanguliwa, hulinganisha taa na jeli, husafisha vifaa vyake kati ya mteja na mteja, husoma lebo na tarehe ya kwisha matumizi, na hutambua ukucha wenye ugonjwa. Zaidi ya yote, hujua wakati wa kumwambia mteja kwamba leo hatampaka. Yeye mwenyewe hujilinda pia, maana mikono yake hushika kemikali hizo kila siku, na fundi anayepata mzio hupoteza riziki yake.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na urembo na ususi ni miongoni mwa fani zinazofundishwa chini yake. Kwa wakazi wa Bagamoyo, chuo cha VETA cha Mkoa wa Pwani kipo Kibaha. Kwa upande wa Visiwani ipo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali Zanzibar. Vijana waliojifunza kazi mitaani nao hawakusahauliwa: VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili mwenye ujuzi apewe cheti. Kuhusu bidhaa, usimamizi wa vipodozi Tanzania Bara upo chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019. Chupa isiyo na lebo wala jina la mtengenezaji haifai kununuliwa, hata ikiwa rahisi.

Akina mama na akina dada wanashauriwa kumwuliza fundi mambo mawili kabla ya kumpa mkono: amejifunza wapi, na ataziondoaje kucha hizo siku zikitakiwa kutoka. Wazazi wenye vijana wanaoipenda kazi hii wanahimizwa kuwapeleka chuoni, kwa kuwa ni kazi halali yenye wateja, na mafunzo ndiyo yatakayoilinda.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini asetoni haifai kutumiwa jikoni?
2. Kuna tofauti gani kati ya hina na jeli katika ukucha?
3. Fundi afanye nini jeli ikikataa kutoka baada ya dakika 15?