Upepo Mara Mbili, Nguvu Mara Nane

Karibu na Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit kaskazini mwa Kenya, imesimama mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo. Kila mmoja una uwezo wa kilowati 850, na yote kwa pamoja hufikia megawati 310. Tarakimu hizo hutajwa kila mradi huu wa Ziwa Turkana unapozungumziwa. Lakini kilowati 850 ni kiwango cha juu kabisa cha mtambo, si kiasi unachotoa kila saa. Umeme unaotoka hasa, kwa siku au kwa mwaka, una hesabu yake, na hesabu hiyo inaanza na hewa tunayoivuta.

Hewa ina uzito. Pwani, mita moja ya ujazo ya hewa hufikia karibu kilo 1.2. Kwenye nyanda zilizoinuka na zenye joto hewa huwa nyepesi zaidi, kwa hiyo kwa Loiyangalani tuchukue kilo 1.1. Kitu chochote chenye uzito kikiwa mwendoni hubeba nishati, na nishati hiyo hufuata mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, kila kilo ya hewa hubeba nishati mara nne.

Hapo hesabu haijaisha. Upepo ukienda kasi mara mbili, hewa inayopita kwenye mapanga ya mtambo kila sekunde nayo huwa mara mbili. Kilo ni mara mbili, na kila kilo ina nishati mara nne: jumla ni mara nane. Ndiyo maana wataalamu husema nguvu ya upepo hufuata mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi.

Tuipime kwa mtambo wenyewe. Mapanga yake matatu yanapozunguka huchora duara lenye kipenyo cha mita 52, eneo la mita za mraba zipatazo 2,124. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukipita katika duara hilo, unabeba nguvu ya kilowati 146 hivi. Ukifika mita 10 kwa sekunde, unabeba kilowati 1,168. Mtambo haukubadilika wala duara halikuongezeka. Kilichobadilika ni kasi peke yake.

Je, mtambo unaweza kuchota zote hizo 1,168? Hauwezi, na sababu yake haihusiani na ubovu wa mashine. Kuchota nishati yote ya upepo ni kuusimamisha kabisa. Hewa iliyosimama nyuma ya mapanga itaziba njia, na hewa inayofuata itapita pembeni. Ukiuacha upepo upite bila kuupunguza kasi, hujachota chochote. Lazima pawe na mahali pa kati.

Mahali hapo palioneshwa na Albert Betz, mwanafizikia wa Ujerumani, karibu miaka 100 iliyopita: mavuno huwa makubwa zaidi upepo unapotoka nyuma ya mapanga ukiwa na theluthi moja ya kasi uliyokuja nayo. Theluthi ya kasi ni sehemu moja ya tisa ya nishati, kwa hiyo kila kilo imeacha sehemu nane kati ya tisa. Ila hewa inapofika kwenye mapanga huwa tayari imepungua hadi theluthi mbili za kasi ya awali, kwa hiyo inayopita ni theluthi mbili tu. Zidisha sehemu nane za tisa kwa theluthi mbili, utapata sehemu 16 kati ya 27, yaani asilimia 59.3. Katika kilowati zetu 1,168, dari ni kilowati 693 hivi. Mtambo halisi hupata pungufu ya hapo, kwa sababu mapanga husuguana na hewa na jenereta nayo hupoteza kiasi kwa joto.

Upepo dhaifu, wa chini ya mita 4 hivi kwa sekunde, hauna nguvu ya kutosha kuzalisha umeme wa maana. Upepo ukizidi kiwango ambacho jenereta inakimudu, kila panga hujizungusha kwenye shina lake ili kuuachia upepo wa ziada upite, kama nahodha wa jahazi anavyopunguza tanga kusi likichachamaa. Kuanzia hapo umeme haupandi tena hata upepo ukizidi. Ukifika mita 25 kwa sekunde, mtambo husimama ili usivunjike. Tahadhari hiyo ni ya haki: mapanga ya duara la mita 52 yakizunguka mara 26 kwa dakika, ncha zake hukata hewa kwa zaidi ya kilomita 250 kwa saa.

Sasa tunaelewa kwa nini mitambo ilipelekwa mbali kiasi kile. Mwaka 1982 wanasayansi J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walichapisha utafiti kuhusu mkondo wa upepo mkali unaopita huko, kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya. Upepo wa kusini-mashariki hubanwa na milima ya pande mbili na kuongeza kasi. Kasi ikiongezeka kidogo tu, mchemraba wake huongezeka sana.

Kanuni hiyohiyo inatuonya tusitosheke na wastani. Chukua sehemu mbili zenye wastani wa mita 6 kwa sekunde. Ya kwanza ina upepo wa 6 muda wote: mchemraba wake ni 216. Ya pili hupata 3 nusu ya muda na 9 nusu nyingine. Mchemraba wa 3 ni 27, wa 9 ni 729, na wastani wake ni 378. Sehemu ya pili ina nishati zaidi kwa asilimia 75, ingawa wastani wa kasi ni uleule.

Kwa hiyo watafiti wanaochunguza utendaji wa mtambo hawatazami jinsi unavyozunguka. Husimamisha mlingoti wa vipimo mbele yake, kwa kawaida umbali wa kipenyo cha duara mara mbili na nusu. Kwa mtambo wa mita 52 ni mita 130. Kifaa cha kupimia kasi hufungwa juu, usawa wa kitovu cha mapanga. Kila dakika 10 huandikwa wastani wa kasi, joto na mgandamizo wa hewa, pamoja na umeme uliotoka. Kasi ileile ikianza kuleta umeme pungufu, wanajua pa kuchunguza: vumbi na mikwaruzo kwenye ukingo wa mapanga, kichwa cha mtambo kisichoelekea upepo sawasawa, au mtambo wa mbele unaovuruga hewa ya ule wa nyuma.

Na hata mtambo mzima wenye upepo mzuri unahitaji pa kupeleka umeme. Mitambo ya Loiyangalani ilikamilika kusimamishwa mwaka 2017, lakini iliunganishwa na gridi ya taifa Septemba 2018, kwa sababu laini ya kwenda Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilichelewa.

Nchi zetu zitaendelea kujenga mitambo ya upepo, na maeneo kama Singida na Makambako nchini Tanzania yamekuwa yakitajwa kwa miaka. Mradi ukitangazwa kwa megawati, msomaji aulize mambo matatu: upepo umepimwa kwa muda gani na kwa urefu gani kutoka ardhini? Uniti ngapi za umeme zinatarajiwa kwa mwaka? Laini ya kuzisafirisha itakuwa tayari lini? Kosa la asilimia 10 katika kukadiria kasi ya upepo huwa kosa la karibu theluthi nzima katika nguvu yake. Tudai upepo upimwe mwaka mzima au zaidi kabla ya mitambo kununuliwa, kwani fedha zitakazolipia makosa ya hesabu ni za wananchi.