Kuunganisha Kiendeshi cha Kanda na Seva ya Ofisi

Leseni ya biashara iliyolipiwa, kumbukumbu za chanjo ya mtoto, akiba ya mwanachama wa SACCO, orodha ya wanafunzi waliopata basari: katika ofisi nyingi, haya yote huhifadhiwa ndani ya kompyuta moja inayoitwa seva. Seva hiyo ikiungua, ikiibwa au ikifungwa na wadukuzi wanaodai fidia, mwananchi ndiye huambiwa alete risiti ya miaka mitatu iliyopita. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitaka ofisi kuzilinda taarifa za watu zisipotee, na inataja pia uwezo wa kuzirejesha.

Njia mojawapo ya kuzilinda ni kuziandika kwenye kanda ya sumaku.

Kwa nini kanda?

Diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva mchana na usiku inaweza kuharibiwa pamoja na seva yenyewe. Kanda hutolewa, ikafungiwa kabatini katika jengo lingine, na huko mdukuzi hawezi kuifikia kwa mtandao. Mwezi Februari 2011, hitilafu ya programu ilifuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail pamoja na nakala zake zilizokuwa kwenye diski. Google ilizirejesha kutoka kwenye kanda.

Kabla ya kununua

Kanda zinazotumika zaidi maofisini ni za aina ya LTO, na kila kizazi kina namba yake. Kanda ya LTO-8 hubeba terabaiti 12 bila kubana data, na ya LTO-9 hubeba 18. Kiendeshi cha LTO-8 husoma kanda za LTO-8 na LTO-7, lakini hakisomi za LTO-6. Ofisi yenye kanda za zamani ihakikishe kwanza kwamba kiendeshi kipya kitazisoma.

Viendeshi vingi vya aina hii huunganishwa kwa kebo ya SAS, na seva nyingi hazina tundu lake kwa nje. Kwa hiyo kadi ya SAS hununuliwa pamoja na kiendeshi. Inafaa iwe kadi ya kawaida, si ile ya RAID inayosimamia diski, kwa kuwa kadi nyingi za RAID hazikitambui kiendeshi cha kanda. Ncha za kebo za SAS pia zina maumbo tofauti, basi ncha moja ilingane na kadi na nyingine na kiendeshi.

Hatua za kuunganisha

1. Wafanyakazi waarifiwe, kisha seva izimwe kwa utaratibu wake na waya wa umeme uchomolewe.
2. Kadi ipachikwe kwenye nafasi yake ndani ya seva. Fundi aguse kwanza chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiharibu kadi.
3. Kiendeshi kiwekwe mahali pasipo na vumbi, penye hewa, na kebo isukumwe hadi isikike ikijifunga.
4. Kiendeshi na seva vipate umeme kupitia UPS. Kiendeshi kiwashwe kwanza, kisha seva, ili seva ikikute tayari inapoamka.
5. Fundi athibitishe kwamba seva imekiona kiendeshi, kisha aweke programu ya kunakili. Programu ya nakala inayokuja na Windows Server haiandiki kwenye kanda tangu toleo la 2008, hivyo programu nyingine huhitajika.

Kwenye Linux kuna jambo moja la kuangaliwa sana. Kiendeshi huonekana kwa majina mawili, /dev/st0 na /dev/nst0. La kwanza huirudisha kanda mwanzoni kila kazi inapokwisha. La pili huiacha pale ilipofika. Atumiaye la kwanza kwa kazi mbili mfululizo ataandika nakala ya pili juu ya ile ya kwanza, na hatapewa onyo lolote.

Jaribio lisilorukwa

Ujumbe wa "kazi imekamilika" kwenye skrini hautoshi. Kanda irudishwe kiendeshini, faili chache zirejeshwe kwenye folda tofauti, kisha zifunguliwe na kulinganishwa na za asili. Jaribio hili lifanywe siku ya kwanza na lirudiwe kila baada ya miezi michache. Ofisi isiyowahi kurejesha faili hata moja haijui kama ina nakala.

Kutunza kanda

Kila kanda iandikwe namba na tarehe, na kitufe chake kidogo cha kuzuia kuandikwa kifungwe inapopelekwa kuhifadhiwa. Isiachwe ndani ya gari juani wala karibu na dirisha. Joto, unyevu na vumbi huiharibu. Kanda ya kusafishia itumike pale kiendeshi kinapoiomba.

Viendeshi vya LTO kuanzia kizazi cha 4 vinaweza kuandika data kwa msimbo wa siri, ili kanda ikiibwa isisomeke. Ufunguo wa msimbo huo usihifadhiwe kwenye seva peke yake, kwani seva ikiungua, kanda zote zitabaki bila wa kuzifungua.

Shule au kikundi kidogo kisichomudu kiendeshi cha kanda kinaweza kutumia diski mbili za nje kwa zamu, moja ikiwa ofisini na nyingine ikiwa imechomolewa na kuwekwa mbali. Mkazi naye ana haki ya kuuliza katika mkutano wa chama chake au wa wazazi: nakala ya rekodi zetu iko wapi, na ni lini ilijaribiwa mara ya mwisho?