Safari ya Mapumziko Katika Milima ya Usambara

Ndugu mwanakisomo, zamani watu wa Ugogo walikuwa na safari moja iliyojulikana katika kila nyumba. Safari hiyo ni kuhemea. Mvua ilipokosekana, mtama ulikauka shambani. Baba au mama alichukua mfuko, akaenda mbali kutafuta chakula. Wazee wetu walisimuliwa habari za njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Wakati ule wengi walihama makwao, na wengine hawakurudi. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Mtumba akiambiwa jirani yake amesafiri, huuliza kwanza, "Kuna nini? Msiba? Mgonjwa?"

Somo hili linahusu safari ya namna nyingine. Ni safari ya mtu aliyekwisha kuvuna. Anataka kupumzika siku chache na kuiona nchi yake. Je, mkulima naye anastahili mapumziko? Mimi nasema anastahili. Mtumishi wa ofisini hupata likizo kila mwaka. Kwa nini yule anayemlisha asipumzike hata mara moja?

Lakini kuna tofauti. Mtumishi akienda likizo, mshahara wake unaendelea. Mkulima akiuza chakula cha ghalani ili asafiri, safari ya mapumziko itazaa safari ya kuhemea. Kwa hiyo safari hii haianzii stendi. Inaanzia kwenye daftari, karibu mwaka mzima kabla ya kuondoka.

Mahali penyewe

Tuchukue mfano wa Lushoto. Lushoto ni wilaya katika Mkoa wa Tanga, juu ya milima ya Usambara. Mji wake uko bondeni, umezungukwa na vilima vya kijani. Wakati wa utawala wa Wajerumani mji huo uliitwa Wilhelmstal, maana yake Bonde la Wilhelm. Wilhelm alikuwa mfalme wao. Wajerumani walipapenda kwa sababu ya baridi yake.

Jambo moja huwashangaza wengi. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Dodoma iko mita 1,100 hivi. Tofauti ni mita 300 tu. Mbona basi kwao ni kijani na kwetu ni vumbi?

Sababu ni upepo. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Ukifika Usambara hukuta milima imesimama kama ukuta, nao hupanda juu. Hewa ikipanda hupoa. Ikipoa, unyevu wake hugeuka mawingu, ukungu na mvua. Sisi tuko mbali na bahari. Tena kati yetu na bahari kuna milima ya Nguru, Ukaguru na Rubeho. Upepo ukifika Mtumba umekwisha kumwaga sehemu kubwa ya maji yake njiani. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lushoto hupata mvua nyingi zaidi, na misimu yake ni miwili, masika na vuli.

Twende lini?

Swali hili lilizua ubishi darasani. Mama mmoja alisema, "Mwalimu, nasikia kule kuna plamu na pichi. Mimi nataka kufika matunda yakiwa mtini." Matunda hayo huiva zaidi mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka. Mzee mmoja akamjibu, "Mama, Desemba jembe lako atashika nani?" Watu walicheka, lakini mzee alikuwa amesema kweli. Desemba ni mwezi wa kupanda.

Mwezi unaotufaa ni Julai. Mtama na uwele vimekwisha kuingia ndani. Masika yamekwisha kule Usambara, kwa hiyo njia za miguu hazina matope mengi. Matunda hayo hutayaona, lakini kabichi, karoti na viazi utaviona tele. Mwenye shamba la zabibu aache mtu wa kuliangalia, kwani zabibu zake zinakaribia kuvunwa mwezi wa Agosti na Septemba. Tena Julai ni mwezi wa baridi huko. Chukua sweta, soksi na kitenge kizito. Anayedharau baridi ya Lushoto usiku atakuja kuomba blanketi la mwenzake.

Tupige hesabu

Tuseme watu 10 wamekubaliana. Wataondoka tarehe 14 Julai na kurudi tarehe 17. Hizo ni siku 4, nao watalala usiku 3. Bei zifuatazo ni za mfano tu, ili tujifunze kupiga hesabu. Bei za kweli mtaziuliza wenyewe. Hesabu ya mtu mmoja iko hivi:

Nauli kwenda na kurudi: sh. 80,000
Kulala usiku 3, kila usiku sh. 10,000: sh. 30,000
Chakula siku 4, kila siku sh. 8,000: sh. 32,000
Viingilio na kiongozi wa njia: sh. 15,000
Fedha ya dharura: sh. 20,000
Jumla: sh. 177,000

Wengi husahau mstari ule wa dharura. Usiufute. Gari likiharibika njiani, au mtu akishikwa na homa, fedha hiyo ndiyo itakayomrudisha nyumbani. Isipotumika, irudi mfukoni mwa mwenyewe.

Sasa fedha itatoka wapi? Tuanze kuweka akiba mwanzo wa Septemba. Mpaka wiki ya pili ya Julai ni wiki 44. Mtu akiweka sh. 4,000 kila wiki atapata sh. 176,000. Zimepungua sh. 1,000. Wiki ya mwisho alete sh. 5,000, hesabu itimie.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa mwalimu. Kwa mkulima haifai sana. Mkulima hana fedha sawa kila wiki. Septemba ameuza zabibu. Februari anapalilia, na chakula kinaanza kupungua ndani. Ukimlazimisha alete sh. 4,000 mwezi wa Februari, atauza debe la mtama kwa bei ya kutupa. Basi tupange hivi. Septemba mpaka Desemba, wiki 17, kila wiki sh. 6,000. Hizo ni sh. 102,000. Januari mpaka Aprili, wiki 17, kila wiki sh. 1,000 tu. Hizo ni sh. 17,000. Kuanzia Mei mpaka wiki ya pili ya Julai, wiki 10, kila wiki sh. 6,000. Hizo ni sh. 60,000. Jumla ni sh. 179,000. Zimezidi sh. 2,000.

Si kila mtu ana zabibu. Wengine wana alizeti, karanga au kuku. Tangu Mji wa Serikali uanze kujengwa hapa Mtumba, wengine wanapika chakula cha mafundi na wengine wanafanya vibarua. Kila mmoja apange wiki zake kwa kufuata fedha yake inavyoingia. Lakini sharti moja liwe la wote. Kabla ya kuuza nafaka, pima kwanza chakula cha nyumbani cha kufika mavuno mengine. Kinachobaki ndicho cha kuuza. Kama hakibaki kitu, safari ingoje mwaka mwingine. Milima haihami.

Daftari la kikundi

Fedha za watu 10 zikifika zaidi ya milioni moja, maneno huanza. Nimeona vikundi vingi vikivunjika. Mara nyingi hakuna mwizi. Kuna mtu aliyetoa bila kuandikiwa na mtu aliyepokea bila kuandika. Kwa hiyo mweka hazina awe na daftari lake na katibu awe na lake. Kila mtu akitoa fedha, madaftari yote mawili yaandikwe mbele yake, naye atie sahihi. Fedha ziwekwe benki au katika simu kwa jina la kikundi, si katika simu ya mtu mmoja.

Kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, andikeni jambo hili: mtu akiugua, akifiwa au akiamua kutokwenda, atarudishiwa kiasi gani, na lini? Ni rahisi kulijibu swali hili watu wakiwa wanacheka. Ni vigumu sana kulijibu mwenzenu akiwa kitandani.

Tena kila mmoja azungumze na watu wa nyumbani kwake. Mke na mume wakae chini. Nani atachota maji siku hizo 4? Nani atachunga mbuzi? Watoto watalala kwa bibi au kwa shangazi? Kuna wanaume wanaosema mwanamke haendi kutembea tu. Nawauliza, huyo aliyelima, akavuna, akatwanga na kupika mwaka mzima, ametembea lini?

Njia

Kutoka Mtumba mpaka Lushoto ni kilometa 600 hivi. Barabara inapita Chamwino, Kibaigwa, Gairo na Dumila mpaka Morogoro, kisha Chalinze. Pale Chalinze mnaiacha njia ya Dar es Salaam, mnakwenda kaskazini mpaka Segera, Korogwe na Mombo. Mombo iko chini ya mlima. Tangu mwaka 1905 reli ya Tanga imefika hapo. Kutoka Mombo mnapanda kilometa 33 mpaka Lushoto. Njia ina kona nyingi. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni bonde. Anayetapika garini akae mbele.

Ulizeni stendi ya Dodoma kama kuna basi linalokwenda Tanga au Korogwe bila kubadilisha. Kama hakuna, mtabadilisha Morogoro. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dodoma mpaka Morogoro na Dar es Salaam. Anayependa anaweza kupanda treni mpaka Morogoro, kisha basi. Mkifika Mombo giza limeingia, msipande mlima. Laleni hapo, mpande asubuhi. Bonde lile halifai kupitwa gizani. Mtakuwa mmelilipia na hamkuliona.

Nauli za mabasi ya mikoani zina kiwango cha juu kinachopangwa na LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Kiulizeni kabla ya kwenda stendi. Wapiga debe watawazunguka. Nendeni dirishani wenyewe. Ukipewa tiketi, usiikunje. Isome palepale: jina lako, tarehe, saa, mahali unapokwenda, namba ya kiti na kiasi ulicholipa. Kosa likiwepo, lisahihishwe ukiwa bado umesimama dirishani.

Nyumba ya wageni nayo iulizwe mapema. Simu ya mdomo husahaulika, ujumbe wa maandishi hubaki. Ujumbe uwe mfupi, kama huu:

"Salaam. Sisi ni wakulima 10 kutoka Mtumba, Dodoma, wanawake 6 na wanaume 4. Tunaomba vyumba 5 vya watu wawili wawili, usiku wa tarehe 14, 15 na 16 Julai. Chumba ni bei gani kwa usiku? Chai ya asubuhi imo? Tukichelewa Mombo usiku wa kwanza, tutalipa? Tafadhali tujibu kwa maandishi."

Tukifika

Wengi hupenda kwenda Irente, kilometa chache kutoka mjini. Huko kuna mwamba, na mbele yake mlima umekatika. Ukisimama pale unaona tambarare chini, karibu mita 1,000, na nyumba zake zinaonekana ndogo kama punje. Kaa chini utazame. Usisogelee ukingo kwa ajili ya picha. Siku nyingine nendeni msitu wa Magamba, mkiwa na kiongozi wa njia. Ni msitu wa asili, una miti mikubwa na mbega weusi wenye manyoya meupe. Soni, katikati ya njia ya kupanda, kuna maporomoko ya maji. Anayependa habari za kale aulize habari za Vuga, makao ya watawala wa Wakilindi waliowatawala Wasambaa.

Mkulima hata akipumzika macho yake hayalali. Mtaona mashamba yaliyokatwa ngazi mlimani, na mistari ya majani ya kuzuia udongo. Majani hayo hukatwa na kulishwa ng'ombe zizini. Kazi hiyo ilisukumwa sana na mradi wa SECAP ulioanza mwaka 1981. Kwetu Dodoma tulikuwa na HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanza mwaka 1973. Huko Kondoa mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika ardhi iliyoharibika. Waulizeni Wasambaa walivyofanya wao na ng'ombe wao. Waelezeni na ninyi ya Kondoa. Mazungumzo hayo hayana kiingilio.

Kazi ya kikundi

1. Ulizeni nauli za sasa, kisha pigeni upya hesabu ya mtu mmoja.
2. Kila mmoja aandike miezi anayopata fedha na miezi asiyopata. Apange akiba yake ya wiki 44.
3. Andikeni sharti la kumrudishia fedha mtu asiyeweza kwenda. Lisomwe kwa sauti, kisha wote watie sahihi.
4. Mzee mmoja awasimulie wenzake safari ya kuhemea aliyoiona au aliyosimuliwa. Katibu aiandike.