Maua ya Mikebe: Tuyapange Vipi?
Mwaka jana sisi wa Kitale tuliharibu mikebe 12 ya harusi, tukarudisha pesa ya watu. Hatukutoboa chini, mvua ikatuama, mizizi ikaoza.

Basi anzeni na matundu. Jazeni udongo, samadi iliyooza na mchanga kidogo. Debe lililokatwa nusu linatosha miche 5: zinia ndefu moja katikati, marigodi fupi mbili kando (si ile ya mwitu inayojiotea kwenye mahindi!), petunia mbili ukingoni zining'inie. Zote zinapenda jua. Rangi mbili tu. Zikizidi ni fujo.

Wenzetu wa Bungoma, kwenu kuna joto zaidi, mkebe hukauka haraka: mwagilieni asubuhi, jioni guseni udongo tena. Ua likinyauka likateni, mengine yatoke. Zinia chache ziacheni zikauke kwa mbegu.