Kupoteza Uoni Ghafla si Uzee

Mzee anapoamka na kukuta jicho moja limeingia giza bila maumivu, jamaa wengi husema ni uzee. Uzee peke yake haumpofushi mtu kwa usiku mmoja. Miongoni mwa magonjwa yaletayo hali hiyo ni kupungukiwa damu kwa mshipa wa fahamu wa jicho, ambao hupeleka taarifa za uoni kwenye ubongo. Damu isipoufikia ipasavyo, mshipa huo huvimba na sehemu ya uoni hupotea, mara nyingi nusu ya chini.

Ugonjwa huu ni nadra. Tafiti zilizofanyika Marekani zilikadiria kuwa, kati ya watu 100,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wanaougua kila mwaka ni kati ya 2 na 10. Kwa kadirio hilo, kijiji chenye wazee 500 huweza kukaa miaka 20 au zaidi kabla ya kupata mgonjwa mmoja. Matatizo ya macho yaliyo ya kawaida zaidi kwa wazee huja polepole: mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji, na presha ya macho, ambayo huharibu mshipa huohuo kimyakimya.

Hakuna dawa iliyothibitika kurudisha uoni uliopotea kwa ugonjwa huu wa ghafla. Hata hivyo, mgonjwa hapaswi kubaki nyumbani, kwa sababu tatu. Kwanza, huenda chanzo ni ugonjwa mwingine unaohitaji tiba ya haraka, kama vile kubanduka kwa retina, au uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwa unaoambatana na maumivu ya kichwa na ya taya wakati wa kutafuna. Pili, takribani wagonjwa 15 kati ya 100 hupatwa na jicho la pili ndani ya miaka 5. Tatu, kisukari na shinikizo la juu la damu, ambavyo huongeza hatari hiyo, hupimika na kudhibitiwa.

Familia zinashauriwa kumwomba mzee afumbe jicho moja moja na kueleza anachokiona, kwani jicho zima huficha upungufu wa jicho bovu. Mabadiliko ya ghafla yakionekana, apelekwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha huduma za afya, ili apewe rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Mbinga au, ikibidi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea. Dawa za mitishamba zisitiwe jichoni.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Wazee wasiojiweza wana msamaha wa gharama za matibabu. Ni vyema familia zikamilishe utambulisho wao katika serikali ya kijiji mapema, kabla ugonjwa haujabisha hodi.