Mahabusu Si Mfungwa

Katika gereza la Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, kama katika magereza mengi ya nchi yetu, wamo watu wa namna mbili. Wako wafungwa, ambao mahakama imekwisha kuwahukumu; na wako mahabusu, ambao bado wangoja kesi zao. Watu wengi huwachanganya. Husema tu, "Yuko ndani," na neno hilo moja huwafunika wote wawili. Leo twapenda kueleza kwa nini tofauti hiyo ni kubwa, na kwa nini yatuhusu sisi Wakatoliki.

Sheria yasemaje? Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Basi mahabusu, mbele ya sheria, ni mtu asiye na hatia. Amefungiwa mlango kwa sababu nyingine, nazo ni chache: asitoroke, asiwatishe mashahidi, asiharibu ushahidi, asipate nafasi ya kudhuru watu, au yeye mwenyewe asiuawe na watu wenye hasira. Kumzuia mtu kwa sababu hizo si kumwadhibu. Lakini sababu zikiisha, au miaka ikipita bila kesi kusikilizwa, kizuizi chageuka kuwa adhabu isiyo na hukumu.

Wengine watasema: "Mwawahurumia wahalifu; na waliouawa je?" Swali hilo ni la haki, wala hatuwezi kulipita. Tarehe 5 Mei 2013, katika uzinduzi wa Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, mjini Arusha, bomu lilirushwa kati ya waamini, hali Balozi wa Baba Mtakatifu, Askofu Mkuu Francisco Padilla, yupo pale pale. Watu 3 walikufa, na makumi wakajeruhiwa. Nani kati yetu angependa mtenda jambo hilo atembee huru sokoni? Usalama wa raia ni sehemu ya manufaa ya wote, na Serikali ina wajibu mbele ya Mungu kuulinda. Lakini jamaa za marehemu hawapati faida yoyote asiyehusika akikaa ndani, na aliyehusika akiwa nje. Haki yao huletwa na kesi iliyopelelezwa vema na kusikilizwa upesi.

Kisongo yenyewe imekwisha kutoa somo juu ya jambo hili, na somo hilo lilisikika duniani kote. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya kazi Arusha mpaka mwisho wa mwaka 2015, iliwaweka watuhumiwa wake katika mahabusu ya Umoja wa Mataifa, ndani ya eneo la gereza hilo. Mmojawapo alikuwa Jean-Bosco Barayagwiza, kiongozi katika redio ya RTLM, iliyochochea mauaji ya mwaka 1994 yaliyowaangamiza zaidi ya watu 800,000, wengi wao Watutsi. Alikamatwa Kameruni mwezi Aprili 1996. Akakaa kifungoni huko miezi 19 kabla ya kuletwa Arusha tarehe 19 Novemba 1997. Na hata alipofika, zikapita siku 96 kabla hajasimamishwa mbele ya hakimu kwa mara ya kwanza.

Tarehe 3 Novemba 1999 majaji wa rufani walitamka kwamba haki zake zimevunjwa, wakafuta mashtaka na kuamuru aachiwe. Rwanda ilikasirika, ikasimamisha ushirikiano wake na mahakama. Tarehe 31 Machi 2000, baada ya kuletewa habari mpya, majaji wale wakageuza amri yao: kesi iendelee, lakini mtu huyu asipopatikana na hatia alipwe fidia, na akipatikana nayo apunguziwe adhabu. Desemba 2003 alitiwa hatiani. Adhabu yake ingekuwa kifungo cha maisha. Kwa sababu ya haki zake zilizovunjwa akapewa miaka 35, na katika rufani ya mwaka 2007 ikawa miaka 32.

Twajifunza nini? Kwanza, hata mtu aliyeshtakiwa kwa ubaya mkubwa kiasi kile ana haki zake. Pili, aliyekaribia kuwanyima haki yatima na wajane wa Rwanda ni yule aliyeiacha kesi ilale. Uzembe wa mashtaka nusura umfungulie mlango mtu mwenye hatia. Na upande wa pili tuwakumbuke Casimir Bizimungu na Jérôme Bicamumpaka, waliokuwa mawaziri wa Rwanda. Walikamatwa mwaka 1999, na mahakama ikawaona hawana hatia Septemba 2011. Nani atawarudishia miaka 12?

Katika nchi yetu, mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji, uhaini, ugaidi au unyang'anyi wa kutumia silaha hapewi dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba katazo hilo lapingana na Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Basi katazo limebaki. Kwa sababu hiyo hiyo upelelezi hauna budi kwenda mbio zaidi kwa mtu wa namna hiyo, kwa maana hana njia nyingine ya kutoka. Mahabusu anayepelekwa mahakamani kila baada ya majuma mawili, akasikia tena kwamba upelelezi haujakamilika, anahukumiwa na kalenda.

Maandiko yatuonyesha mahabusu wa namna hii. Mtume Paulo alikaa miaka miwili kifungoni Kaisaria bila hukumu, kwa kuwa liwali Feliksi alitumaini kupewa fedha na alitaka kuwapendeza watu. Rushwa na makelele ya umati: hayo mawili hata leo ndiyo yawaozeshao watu mahabusu. Kwa hiyo Kanisa, katika Muhtasari wa Mafundisho ya Jamii wa mwaka 2004, lafundisha kwamba kesi ndefu kupita kiasi ni udhalimu. Na Baba Mtakatifu Fransisko, Oktoba 2014, alionya kwamba mahabusu ikitumiwa vibaya ni adhabu iliyofichwa.

Basi, familia za Kikristo zifanye nini? Tusimwite mtu mwizi au muuaji kabla ya hukumu, wala tusijichukulie sheria mkononi. Anayestahili dhamana, ikiwa twamfahamu vema, tusikatae kumdhamini. Tukiitwa kutoa ushahidi, twende siku ile ile, kwa maana shahidi anayejificha humfunga asiye na hatia na kumfungua mwenye nayo. Na watoto wa mahabusu tusiwatenge, bali tuwape chakula na ada ya shule. Bwana wetu aliposema kwamba atatuuliza kama tulimtembelea kifungoni, hakuuliza kwanza kama mfungwa yule amekwisha kuhukumiwa.