SOMO: KIJITABU CHENU NI CHA NANI?



Tuseme akina mama wa kikundi hapa Galu wameandika kijitabu cha mapishi ya pwani kwa LibreOffice, ile programu ya kompyuta isiyolipiwa. Halafu mtu awatishe: "Programu ni ya bure, basi kitabu nacho si chenu." Tusibabaike. Leseni ya LibreOffice inahusu programu yenyewe. Maneno mliyoyatunga ni yenu, hata kuyauza mwaweza. Aliyekuazima jembe hadai mahindi.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki huanza kwa mtunzi mara tu maandishi yanapowekwa kwenye karatasi au kompyuta. Si lazima kusajili kwanza. Kijana aliyewapigia taipu tu hana fungu. (Wali wa nazi wenyewe, jamani, hauna mwenyewe, kinacholindwa ni jinsi mlivyoueleza.)

Sisi tunaona hatari iko kwingine. Hoteli ikiwaagiza muiandikie kijitabu, sheria hiyo huhesabu kwamba haki imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Msipopatana, mwakani mtaomba ruhusa kuchapa maneno yenu wenyewe! Kwa hiyo kabla ya kupokea hata shilingi, katibu aandike: haki inabaki kwetu, hoteli inaruhusiwa kuchapa nakala kadhaa, idadi itajwe. Pande zote mbili zitie sahihi.

Swali la kujadiliana mkutanoni: katika kijitabu chenu, nani aliandika nini, na majina ya nani yatatokea kwenye jalada?